Mtoto Akiacha Shule, Posho Inakwenda Wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa mwishoni mwa Juni 2025 mbele ya mkutano wa wazazi wanaozungumza Kiswahili mjini Milton Keynes, Uingereza. Naiweka yote kwa ajili ya wale waliobanwa na kazi au safari wasiweze kufika. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha, kwa kuwa maneno yanajitosheleza.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu na baba zangu, asalaam alaykum, Bwana asifiwe, na ndugu zetu mliotoka Bujumbura na Bukavu, jambo sana na karibuni. Wageni wetu waliosafiri usiku kucha kutoka Glasgow tunawapa pole na tunawashukuru.

Nianze kwa kuuliza. Ni wangapi humu ndani wana mtoto aliyemaliza mitihani ya GCSE, ile inayofanywa akiwa na miaka 16, mwezi huu? Nyoosheni mikono. Naona mikono mingi, na Mungu awajalie matokeo mema. Sasa, kati yenu mlionyoosha mikono, ni wangapi mmepokea barua kutoka mamlaka ya kodi, HMRC, inayouliza kama mtoto huyo ataendelea na masomo baada ya kiangazi? Mikono imepungua. Na ni wangapi mmeijibu? Ndugu zangu, nahesabu mikono minne. Basi nimekuja mahali panapostahili.

Kule kwetu Afrika Mashariki bahasha ya kaki ina sifa yake, tena wakati mwingine sifa mbaya, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna pesa. Huku Uingereza bahasha ya kaki haina pesa ndani. Inakuja kuuliza habari za pesa. Barua ninayoizungumzia ni fupi, na jambo inalouliza ni moja tu: huyu mtoto wako, ambaye mwaka huu anamaliza elimu ya lazima ya shuleni, atabaki kwenye masomo yanayotambuliwa au hatabaki? Usipoijibu, mamlaka haitakupigia simu kukubembeleza. Itachukulia kwamba mtoto ameacha shule, na posho ya watoto, ile tunayoiita Child Benefit, itasimama tarehe 31 Agosti inayofuata siku aliyotimiza miaka 16. Kwa watoto waliozaliwa kati ya 1 Septemba 2008 na 31 Agosti 2009, tarehe hiyo ni ya mwaka huu wa 2025. Matokeo ya GCSE yatatoka tarehe 21 Agosti. Hesabuni wenyewe: kutoka siku ya matokeo hadi siku ya kukatika kwa posho kuna siku 10, na katika siku hizo 10 mtoto anahangaika na chuo, mzazi anahangaika na nauli na viatu, na barua iko chini ya rundo la karatasi.

Mimi mwenyewe, niliyesimama mbele yenu kana kwamba ni mjuzi, yalinikuta. Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka 16 barua ilikuja, nikaibandika kwenye friji kwa sumaku. Juu yake nikabandika ratiba ya madrasa, juu ya ratiba nikabandika kadi ya miadi ya daktari wa meno, na Septemba ilipoingia, pesa haikuingia. Nikalaumu benki. Nikalaumu serikali. Nikamlaumu hata mume wangu, ambaye kwa mara moja katika maisha yake hakuwa na kosa lolote. Mtoto alikuwa chuoni, amekaa darasani, daftari liko wazi mbele yake, lakini katika vitabu vya mamlaka alikuwa ameacha shule, kwa sababu mama yake hakusema vinginevyo. Malipo yalirejea nilipotoa taarifa, baada ya wiki kadhaa za kukopa kwa majirani.

Ninataka mlishike jambo hilo kabla sijaendelea, maana yote yatakayofuata yanatoka humo. Posho hii inafuata taarifa. Mtoto anaweza kuwa darasani na posho ikakatika, kwa sababu hakuna aliyesema. Vilevile mtoto anaweza kuwa ameacha shule miezi mitano iliyopita na posho ikaendelea kuingia kila mara bila kukosa, mpaka siku itakapodaiwa irudishwe yote kwa pamoja. Inafuata taarifa, na mwenye wajibu wa kutoa taarifa ni yule ambaye jina lake liko kwenye dai, ambaye katika nyumba nyingi zilizowakilishwa hapa ni mama.

Na kwa nini ni mama? Hilo halikutokea kwa bahati. Bunge la Uingereza lilipokuwa likijadili Sheria ya Posho za Familia mwaka 1945, mswada ulioletwa na serikali ulitaka pesa iwe ya baba. Mbunge mwanamke, Eleanor Rathbone, ambaye alikuwa amelipigania jambo hili kwa zaidi ya miaka 25, aliupinga mpango huo kwa ukali, akishikilia kwamba pesa ya mtoto iende kwenye mkono unaompikia mtoto, na Bunge likakubali kubadilisha. Malipo ya kwanza yalitoka tarehe 6 Agosti 1946, shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto kuanzia wa pili. Rathbone hakuyaona, alikuwa amefariki Januari ya mwaka huohuo. Child Benefit tunayoijua leo, inayomhesabu na mtoto wa kwanza, ilianza kulipwa mwaka 1977. Basi mama zangu, akaunti hii ilipiganiwa iwe yenu. Lakini mjue kwamba akaunti ikiwa yenu, na deni likitokea ni lenu.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, kuacha shule. Sisi tukisema mtoto ameacha shule tunamaanisha amekaa nyumbani, au anazurura, au ameamua kutafuta maisha. Sheria ya posho ina maana yake nyingine, na maana hiyo inawatega watu kila mwaka. Kwa sheria hiyo, mtoto aliyepita miaka 16 bado anahesabiwa, hadi kabla hajatimiza miaka 20, ikiwa yuko kwenye masomo ya zaidi ya wastani wa saa 12 kwa wiki, ambayo hayajafika ngazi ya shahada na ambayo aliyaanza kabla ya kutimiza miaka 19. A-Level, yaani masomo ya kabla ya chuo kikuu, imo. T Level, ile ya upande wa ufundi, imo. Kozi za ufundi za chuo hadi ngazi ya 3 zimo. Yapo pia mafunzo machache yasiyolipwa na mwajiri ambayo yanatambuliwa. Nje ya hapo, mtoto ameacha shule, hata kama anaamka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kujifunza.

Kuna baba mmoja, dereva wa basi, aliyekuja kwenye meza yetu ya ushauri akiwa amekasirika kwelikweli. Binti yake wa miaka 17 alikuwa amepata uanagenzi wa fundi umeme. Baba alijivuna mno, akawapigia simu jamaa wote hadi Tanga, kwa sababu ni wasichana wangapi wa kwetu wanaovaa kofia ngumu na kupanda ngazi na waya mabegani? Kisha posho ya binti ikakatika. Akaniambia, mama, hii ni serikali gani? Sheria ya England inasema mtoto lazima awe kwenye elimu au mafunzo hadi atimize miaka 18, na inasema uanagenzi unatosha. Sasa mbona mkono mmoja unasema binti yangu bado anasoma, na mkono mwingine unasema ameshaacha?

Nilimwambia ukweli, kwamba mikono yote miwili inasema sawasawa, ila kila mmoja unapima kitu tofauti. Sheria ya elimu inauliza kama mtoto anajifunza. Sheria ya posho inauliza nani anamlisha mtoto, na mwanagenzi analipwa na mwajiri. Tangu Aprili mwaka huu wa 2025 kima cha chini cha mwanagenzi ni pauni 7.55 kwa saa. Akifanya saa 30 kwa wiki anapata pauni 226.50 kabla ya makato. Machoni pa sheria, binti huyo amekwisha kuwa mfanyakazi. Mimi binafsi naona kuna ukali fulani katika hilo, hasa kwa nyumba ambayo ingependa mtoto ajifunze ufundi lakini ikaogopa pengo la miezi ya mwanzo, na sitajifanya kuutetea.

Hata hivyo tulikaa, tukapiga hesabu, na hesabu ilimpoza kidogo. Alikuwa na watoto watatu. Kwa viwango vya mwaka huu wa kodi wa 2025/26, mtoto mkubwa analipiwa pauni 26.05 kwa wiki, na kila anayemfuata pauni 17.25. Watatu wanafanya pauni 60.55. Mkubwa akitoka, yule wa pili anapanda kuwa mkubwa na kuchukua kiwango cha juu, kwa hiyo wawili waliobaki wanafanya pauni 43.30. Nyumba imepoteza pauni 17.25 kwa wiki, na mshahara wa binti hauhesabiwi kuwa pato la wazazi wake. Baba akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo halimo katika fomu yoyote: je, nimwombe binti achangie? Mnajua desturi zetu. Wapo kati yetu waliompelekea mama mshahara wa kwanza wote, ukiwa bado ndani ya bahasha, na mama akautoa sadaka. Hilo la kuchangia sikumjibu, kwa sababu ni la nyumba yake. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mkataba wa uanagenzi kutiwa saini, binti akiwepo, hesabu ikiwa mezani.

Kuhusu chuo kikuu sitachukua muda. Mtoto akienda kusoma shahada, posho inakoma; kusema bado anasoma hakusaidii. Aliyemaliza A-Level mwezi huu, posho yake inaendelea hadi 31 Agosti, basi. Na kuhusu kazi ya Jumamosi, ondoeni hofu. Mtoto aliye kwenye masomo yanayotambuliwa akiuza viatu dukani Jumamosi, posho haiguswi. Kuna mama aliyemkataza mwanawe kazi mwaka mzima kwa hofu hiyo, na mwaka ule haurudi.

Sasa natulia kidogo, kwa sababu nafika kwenye jambo zito. Hadi hapa nimezungumzia Child Benefit peke yake. Wengi wetu tunapokea pia Universal Credit, ule msaada wa serikali wa kila mwezi kwa wenye pato dogo, na hii ina saa yake nyingine ya kuhesabia, wala saa hizi mbili haziendi pamoja. Mtoto akiacha masomo katikati ya mwaka, Child Benefit haikatiki siku hiyohiyo. Inaendelea hadi tarehe ya kikomo iliyo karibu baada ya siku aliyoacha: mwisho wa Februari, au 31 Mei, au 31 Agosti, au 30 Novemba. Universal Credit haina subira hiyo. Mabadiliko yanahesabiwa tangu mwanzo wa kipindi cha mwezi ambacho mtoto aliacha ndani yake. Na kuiambia HMRC si kuiambia ofisi ya Universal Credit. Ni ofisi mbili, ni taarifa mbili. Narudia, ni taarifa mbili.

Niwasimulie habari ya mama mmoja, na kwa heshima yake nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Anafanya kazi ya kuwahudumia wazee, zamu za usiku. Analea peke yake. Ana mtoto mmoja, kijana wa miaka 17, mpole, mwenye akili, na kwa kuwa mama Kiingereza chake ni cha kazini tu, kijana ndiye aliyekuwa msomaji wa barua wa nyumba ile tangu akiwa na miaka 9. Ni wangapi humu ndani watoto wao ndio wanaosoma barua? Msinyooshe mikono, najua.

Novemba kijana aliacha chuo. Hakumwambia mama. Kila asubuhi mama akirudi kutoka zamu anamkuta kijana amevaa, begi mgongoni, anaaga. Mama anamwombea dua, analala. Kijana anakwenda maktaba, au anakwenda kwa rafiki, au anapanda basi hadi mwisho wa njia na kurudi. Barua za chuo zilipokuja alizisoma yeye, akamwambia mama kwamba ni matangazo. Mambo yalifichuka katikati ya Machi, mama alipokutana dukani na mwanamke ambaye mwanawe alikuwa darasa moja na kijana wake, naye kwa nia njema akamuuliza kama mtoto amepona.

Mama alikuja kwetu na karatasi zote ndani ya mfuko wa plastiki. Nitatumia viwango vya mwaka huu wa kodi wa 2025/26 ili hesabu isituchanganye. Kwenye Universal Credit, mtoto wa pekee aliyezaliwa kabla ya 6 Aprili 2017 anaongeza pauni 339 kwa mwezi. Hiyo mama aliijua. Ambayo hakuijua ni hii: mzazi mwenye mtoto anaruhusiwa kiasi cha mshahara kisichoguswa, na kwa anayesaidiwa kodi ya nyumba kiasi hicho ni pauni 411 kwa mwezi. Mshahara ukizidi hapo ndipo malipo yanapoanza kupunguzwa, senti 55 katika kila pauni. Mtoto akitoka kwenye hesabu, ruhusa hiyo nayo inatoka, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa au ulemavu unaomzuia kufanya kazi kikamilifu. Kwa hiyo kila pauni ya mama yule, tangu ya kwanza, ilianza kukatwa. Pauni 411 zikipigwa na asilimia 55 ni pauni 226.05. Jumlisha na zile 339. Kwa mwezi mmoja pengo ni pauni 565.05, mbali na Child Benefit ambayo ni kama pauni 113 kwa mwezi.

Vipindi vinne vya mwezi vilikuwa vimelipwa tangu kijana aache. Hiyo ni pauni 2,260.20 za Universal Credit. Child Benefit ilikuwa halali hadi 30 Novemba. Baada ya hapo wiki 15, pauni 390.75. Mama wa zamu za usiku, anayetuma pesa Mombasa kila mwezi kwa mama yake mzazi, amekaa mbele yangu na deni la zaidi ya pauni 2,600 ambalo hakujua analijenga. Akaniuliza, lakini mimi sikudanganya, watanidai vipi? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba Universal Credit iliyolipwa zaidi inadaiwa hata kama aliyelipwa hakukosa. Sheria ya mwaka 2012 imeliweka hivyo, na inadaiwa hata pale kosa linapokuwa la ofisi yenyewe. Kinachoweza kujadiliwa ni kasi ya kulipa. Tangu mwisho wa Aprili mwaka huu wa 2025 makato ya madeni kwa kawaida hayazidi asilimia 15 ya kiwango cha msingi cha Universal Credit, ambayo kwa mtu mmoja wa miaka 25 au zaidi ni kama pauni 60 kwa mwezi, na mwenye shida anaweza kuomba yapunguzwe zaidi ya hapo.

Lakini sikuwaletea habari hii kwa ajili ya tarakimu. Tulimwita kijana. Alikuja, akakaa, kichwa chini. Nilitegemea aseme kwamba masomo yalimshinda, au marafiki walimvuta. Alisema masomo yalimshinda kweli, hesabu hasa, na kwamba alitaka kumwambia mama wiki ileile. Ila alikuwa yeye ndiye anayejaza taarifa za mama kwenye akaunti ya Universal Credit. Alikuwa ameisoma karatasi ya malipo mstari kwa mstari. Alijua jina lake lilikuwa na thamani gani ndani ya karatasi ile. Akasema: niliona nikisema nimeacha, nyumba inaondoka.

Ndugu zangu, mtoto wa miaka 17 alikuwa anaijua hesabu hii kuliko mama yake, kuliko wengi wetu tuliomo humu, na aliibeba peke yake kwenye basi kuanzia Novemba hadi Machi. Tunamsifu mtoto anayetusomea barua, tunasema ana akili, na ni kweli ana akili. Je, tumewahi kujiuliza tunamsomesha nini? Barua inayouliza kama mtoto anaendelea na shule, tumempa mtoto huyohuyo aisome, aitafsiri na aijibu. Tafuteni mtu mzima mwingine wa kusoma barua za pesa. Shangazi, jirani, meza yetu ya ushauri, hata kama ni barua moja kati ya tatu. Na mwambieni mtoto wazi, kabla hajafikwa na jambo, kwamba akishindwa masomo nyumba itajua cha kufanya.

Tena kuna cha kufanya, ndiyo sababu siri ile iliuma zaidi. Kijana wa miaka 16 au 17 anayeacha masomo, akijiandikisha kwenye huduma ya ushauri wa kazi inayotambuliwa na serikali au akijiandikisha kuingia jeshini, mzazi anaweza kuomba Child Benefit iendelee hadi wiki 20 tangu alipoacha, ilimradi kijana hafanyi kazi ya saa 24 au zaidi kwa wiki na hapokei malipo yake mwenyewe kama Universal Credit. Ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi 3. Mama yule angeweza kuomba. Machi muda ulikuwa umepita. Na kijana angeweza kuhamia kozi nyingine Januari, kozi isiyo na hesabu nyingi, na akabaki kwenye malipo yote mawili. Ndivyo alivyofanya hatimaye: alianza kozi ya ufundi wa mabomba, masomo ya zaidi ya saa 12 kwa wiki, na tangu hapo mama akatoa taarifa upya katika ofisi zote mbili. Deni halikufutika. Linalipwa.

Kwa wageni wetu wa Glasgow, neno fupi. Huko Scotland kuna Scottish Child Payment, ambayo mwaka huu wa kodi wa 2025/26 ni pauni 27.15 kwa wiki kwa mtoto, na hiyo haisubiri Agosti. Inakoma mtoto anapotimiza miaka 16. Msishtuke siku ya kuzaliwa. Kwa upande mwingine ninyi mnayo bado ile posho ya mwanafunzi ya pauni 30 kwa wiki, ambayo England iliifuta mwaka 2011. Mtoto wa familia yenye pato dogo anaiomba mwenyewe, na inategemea mahudhurio yake.

Mama anayeishi peke yake na mtoto, mwenye punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri, aangalie na hili: kijana wa miaka 18 aliyemaliza shule mwezi huu hahesabiwi kuwa mtu mzima wa pili hadi 1 Novemba. Baada ya hapo, kama hasomi, punguzo linaweza kuondoka. Na kwa waliotengana, pesa ya matunzo inayopitia mfumo wa serikali hukoma pamoja na Child Benefit, kwa hiyo barua moja isiyojibiwa inaweza kufunga milango miwili. Wale ambao viza zao zimeandikwa kwamba hawaruhusiwi fedha za umma, tafadhali msidai chochote kati ya haya kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji. Nitawaambia hivyo hata mkiniona mkali.

Limebaki jambo moja, na wazee wangu mniwie radhi kwa kuwa nitaligusa bila kuzunguka. Kijana akianza kutusumbua huku, tunasema apelekwe nyumbani. Apelekwe Zanzibar kwa babu yake, aingizwe bweni Kenya, akae mwaka mmoja au miwili, adabu irudi. Sitahukumu uamuzi huo. Wapo waliorudi wamenyooka na wapo waliorudi wamevunjika. Ninachosema ni kwamba siku kijana huyo anapopanda ndege kwenda kusoma huko, posho yake ya huku imefika mwisho wake. Likizo ya kiangazi haina shida. Lakini mtoto anayehamia nje, au anayekaa nje zaidi ya wiki 12, lazima atolewe taarifa, na kidato cha tano cha Arusha, kiwe kizuri namna gani, hakihesabiwi hapa kuwa masomo yanayotambuliwa. Universal Credit ina uvumilivu mdogo zaidi. Kwa kawaida ni mwezi mmoja tu nje ya nchi.

Nilimsikia mzee mmoja akisema, si ndiyo hiyo posho inayomlipia ada ya bweni? Nikamwelewa kabisa. Moyoni mwake alikuwa hajaiba chochote. Pesa ya mtoto ilikuwa inakwenda kwa mtoto. Lakini hivyo sivyo ofisi inavyosoma, na safari za ndege zina kumbukumbu. Baba huyo alikuwa anajenga deni kwa kila mwezi wa ada, na deni hilo lingempata mtoto amesharudi na anatafuta chuo. Kama mmeamua kumpeleka, pigeni hesabu ya ada bila posho ndani yake. Ikikubali, basi. Isipokubali, heri mjue mkiwa bado hapa kuliko mtoto kufukuzwa bwenini muhula wa pili.

Muda wangu umekwisha na naona akina mama wameanza kuangalia jikoni. Pale mlangoni kuna meza mbili. Ya kwanza ni ya wenye barua ya HMRC ambayo haijajibiwa. Njooni na barua na simu yenu, taarifa inatolewa kwa njia ya intaneti, na inaweza kutolewa sasa hivi hata kabla ya matokeo, kwa mujibu wa mpango wa mtoto, kisha ikabadilishwa kama mpango utabadilika. Meza ya pili ni ya wenye jambo ambalo hawataki lisikike na wengine. Imewekwa nyuma ya pazia, na anayekaa hapo anazungumza Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Vijana wetu wako ukumbi wa pili na mshauri wa kazi, wanakunywa soda, na nimewaambia leo hawatasoma barua ya mtu yeyote.